Koti la Mchochea Boila

Mchochea boila wa kiwanda cha chai alikuwa na mikono iliyobabuka kwa moto na kifua kilichoharibiwa na baridi. Daktari alimwambia arudi kwao Ahero, kwenye jua. Kila alipokohoa aligeukia ukuta, jirani yake Jerusa asije akaona damu kwenye kitambaa. Asubuhi ya kuondoka alivua koti, akampa.

“Chukua, mama. Kwetu jua ni la bure.”

“Si ulivae hata mpaka steji ya basi? Unatetemeka, baba.”

“Mama yangu akiniona na koti kwenye lile jua, atajua nimekuja kuzikwa.”

Akashika njia ndani ya ukungu. Huko hakukuwa na ukuta. Akaigeukia michai, akainama, akakohoa. Koti mkononi mwa Jerusa lilikuwa bado lina joto lake.