Twiga na Ramani ya Vyumba Viwili

Niliambiwa, na nikaamini kwa moyo wote, kwamba hapa Garissa ramani ya nyumba haipitishwi mpaka ofisi ihakikishe hakuna twiga anayekatiza kwenye ploti yako. Eti kuna bwana analipwa mshahara kujificha vichakani na darubini, na akiona unyayo mmoja tu, ramani yako inafungiwa kabatini mpaka wajukuu wako wazeeke. Aliyenipa habari hizo ni mwenzangu wa masomo ya jioni, tuliyekaa naye dawati moja hadi tukapata vyeti vyetu, watu wazima wenye ndevu. Mtu aliyenielewesha hesabu za pembetatu ningemtiliaje shaka? Tena twiga kweli tunao. Wanatembea ukingoni mwa mji kama maofisa waliostaafu.

Wakati huo mambo yalikuwa yamenibana. Nyumba tuliyopanga ilikuwa imeuzwa, na mwenyewe mpya alitaka tutoke kabla ya mvua za vuli. Mke wangu alikuwa mjamzito, miezi ya mwisho, tumbo linaingia mlangoni na yeye anafuata baadaye sana. Ramani yangu ya vyumba viwili ilikuwa ofisini tangu kiangazi kilipokuwa kichanga. Kila nikienda, karani ananiambia bila kuinua macho, "Bado ukaguzi, mzee. Subiri." Na kujenga bila kibali nilishauona mwisho wake: kuta za jirani zilichorwa alama nyekundu, na kabla rangi haijakauka vizuri zilikuwa zimelala chini.

Basi nikaamua kupambana na twiga. Nilikodi mkokoteni wa punda, nikaleta miiba ya mgunga kutoka porini, nikazungusha ua ambao jeshi zima lingeomba ruhusa kuupita. Mlango niliuziba kwa tawi kubwa la mgunga, vile wafugaji wanavyofunga maboma yao. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye kibanda changu cha kushona makochi, nilipita kutafuta nyayo, kisha nikalirudisha tawi mahali pake.

"Mume wangu," mke wangu akaniuliza siku moja, "twiga anakula nini?"

"Mgunga."

"Na wewe umezungushia nini?"

Nikachomoa mwiba uliokuwa umenasa kwenye shati langu.

"Umewaandalia karamu, baba. Umesahau chumvi tu."

Alicheka, halafu akashika kiuno na kicheko kikakatika. Upande wa mto mawingu yalikuwa yameanza kupandana.

Siku iliyofuata mwenye nyumba mpya alikuja na futi ya kupimia. Alipima dirisha la chumba chetu mke wangu akiwa amelala kitandani, akapima mlango, akaaga kwa adabu. Hakutamka neno la kufukuza. Futi ilikuwa imeshasema.

Kesho yake asubuhi nikachukua jembe. Nilipenya ndani ya ua, nikalivuta tawi nyuma yangu, nikaanza kuchimba msingi bila kibali. Shimo lilikuwa limefika magotini niliposikia pikipiki. Ilipunguza mwendo. Ikasimama. Injini ikazimwa.

"Assalamu aleikum! Wenye boma!"

Nililala kifudifudi ndani ya mtaro. Moyo ulidunda hadi nadhani hata Masalani, mji wa mbali kule, walitoka nje kuangalia ni ngoma ya nani. Askari wa kaunti, nikawaza, na kopo lake la rangi. Siafu alipanda shingoni, akaingia kwenye kola. Sikuthubutu kumgusa.

"Kuna mtu?"

Kupitia miiba niliona makubazi na ncha ya kikoi. Hayakuondoka. Halafu nikasikia sauti nyingine: mke wangu, ananiletea chai.

"Karibu, mgeni."

"Mama, mwenyewe yuko wabi?" akauliza kwa lafudhi ya Kisomali, "p" ikigeuka "b" kinywani mwake.

"Yumo ndani," akasema, akichungulia. "Ule si mgongo wake?"

Nikainuka polepole, vumbi hadi kwenye kope. Mgeni alikuwa kijana mwenye kofia iliyodariziwa kwa mkono, faili kwapani. Kopo la rangi hakuwa nalo.

"Walaal, ndugu yangu, unafanya nini kwa shimo?"

Nilijibu kitu cha kwanza kilichonijia. "Naangalia nyayo."

"Nyayo za nini?"

Ndipo nikamwaga yote: twiga, darubini, kabati, tarehe ya kutoka ambayo haikuwa mbali, na tumbo lile alilokuwa akiliona mwenyewe limesimama pale juani. Nilingoja acheke. Hakucheka. Aliangalia mawingu, akamwangalia mke wangu, akafungua faili.

"Twiga hana kazi kwa ofisi yetu, mzee," alisema. "Mkaguzi ni mimi. Nimekuja hapa mara nyingi, nakuta mlango na miiba. Kwetu boma ikifungwa na miiba na mwenyewe hayuko, mtu hagusi. Nilikuwa nasalimia, naona kimya, narudi. Karatasi zako zingine zote ziko safi. Ondoa hii tawi niingie, nibime bloti, na wiki hii utachukua kibali. Hiyo shimo wacha kwanza."