Mkia wa Msafara

Charo, karani wa ghala Shimanzi, ndiye mkia wa kundi letu la pikipiki. Mkia huendesha nyuma kabisa na kusimama na kila anayeharibikiwa. Miaka minne amewafungia wenzake cheni na kuwazibia pancha, na kila akifika daraja la Kilifi, picha ya kundi imeshapigwa.

Jumapili ile Griffins, kiongozi wetu, alimwapia. "Leo twakungoja, kaka. Picha hatupigi bila wewe." Charo akaja na shati jipya.

Vipingo, kwenye mashamba ya mkonge, cheni yake mwenyewe ikakatika. Nyuma yake hapana mtu. Sisi tulikwenda tu, na upepo ule wa barabarani, nisiseme uongo, humsahaulisha mtu hata mamake. Darajani maji yalikuwa buluu kweli. Tukajipanga, tukapigwa picha. Charo alipopiga simu, Griffins alimjibu, "Mkia haupigwi picha, bwana! Sukuma!" Wote tukacheka, na mimi nilicheka sana.

Jumapili iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika Makupa, tunapoanzia safari, amevaa shati lile lile.

"Leo mtaningoja, dada?"

"Enda nyuma, Charo," nikamwambia. "Watuchelewesha."