Nondo wa Madagaska Aonekana Bungu

Niliondoka Kang'ata kwa sababu dada yangu Mwanahawa alinipigia simu kutoka Bungu akilia. Mumewe, Abdi, alikuwa amekataza mtu yeyote kugusa mahindi ghalani. Aliona kwenye simu picha ya nondo, kipepeo mdogo wa usiku mwenye rangi ya jani kavu, ambaye duniani kote anapatikana Madagaska tu. Akaingia ghalani, akamkuta huyo huyo. Tangu hapo akajiita mgunduzi.

Asubuhi nilipanda basi Handeni mjini. Njiani nilitafuta maneno ya adabu ya kumwambia mtu mzima kwamba ni mjinga. Mpaka tunaingia Korogwe, katikati ya mikonge, sikuwa nimeyapata.

Kutoka Korogwe nilipanda mlima kwa bodaboda. Bungu ilinipokea kwa baridi, na Abdi kwa koti lake la harusi.

"Karibu shemeji. Nasubiri wataalamu."

"Wamesema watakuja lini?"

"Hawajajibu. Wameshtuka."

Alinifungulia ghala kwa madaha. Nondo wakaturukia usoni. Nilichota mahindi kiganjani: kila punje ilikuwa na tundu, vumbi likimwagika.

"Shemeji, hawa ni nondo wa mahindi. Hata Kang'ata tunao, kila msimu tunapambana nao."

"Basi wamevuka bahari mpaka kwenu pia," alijibu.

Mwanahawa hakungoja zaidi. Alikokota gunia hadi uani, akalimwaga juu ya turubai. Abdi akaja mbio, mikono ameitanua.

"Unaua viumbe ambao dunia nzima wako hapa tu!"

Madagaska alikwisha kuisahau.

"Na watoto wako?" dada aliuliza. "Wao wanapatikana wapi kwingine?"

Tulipepeta mpaka jioni, sisi wawili, yeye akitununia mlangoni. Mahindi mengi yalikuwa maganda matupu. Kulipokucha, Mwanahawa alifunga nguo za watoto, tukashuka nao.

Stendi ya Korogwe simu yake ikaita. Abdi hakuuliza kama watoto wamekula. Aliuliza kama kuna nondo tuliowabakiza hai. Dada alikata simu, akamenyea watoto chungwa.

Nilikwenda nikidhani ujinga unatibiwa kwa maelezo. Nimerudi nikijua kwamba mwenye njaa ya sifa haambiliki. Unamwondolea watoto, unamwachia wadudu wake.