Nyama Aliyochinja Shomari

Krismasi iliyopita, huko Mtoni, watu walikunywa chai bila kusubiri. Zamani hakuna aliyegusa kitu kabla ya kusikia vigelegele vya Demetria kutoka uani kwake, maana ndivyo vilivyotangaza kwamba mbuzi ameanguka na kila nyumba, ya msikiti na ya kanisa, ilete sahani yake. Safari hii ua ule ulikuwa kimya. Mlango ulikuwa na kufuli.

Demetria alikuja Dar es Salaam mwaka wa Uhuru kutoka upande wa Masasi, akimfuata mumewe Benedikto, mchonga vinyago. Walijenga ukuta kwa ukuta na Shomari na mkewe Mwajabu. Krismasi yao ya kwanza Benedikto alinunua mbuzi, akamwita Shomari amchinje. Ingekuwaje ale yeye, jirani anuse moshi tu? Ikawa desturi: mbuzi wa Wakristo wa mtaa ule huchinjwa na Shomari, pasiwe na wa kubaki nje ya sinia. Azimio la Arusha lilipokuja na habari zake za udugu, Benedikto alisema serikali imechelewa.

Kisha akahamia Mzee Ansbert, karani wa bandarini, mtu wa Bukoba, mwenye shati jeupe lisilojua vumbi. Hakuwa mtu mbaya. Ubaya una dawa. Alikuwa mnyofu. Alichowakataza wengine alikuwa amekwisha kujikataza mwenyewe. Alipofanywa mzee wa kanisa alisema nyama iliyosomewa dua ya dini nyingine haifai kwenye meza ya kuzaliwa kwa Bwana. Kwake ilikuwa sawa na sadaka ya sanamu.

"Shomari haabudu sanamu, mzee," Benedikto alimwambia walipotoka nje. "Mwenye sanamu ni mie, nazichonga kila siku."

Watu wakacheka. Ansbert hakucheka.

Krismasi ilipofika Shomari alichinja kama kawaida, na Benedikto, aliyemwita, akatengwa. Aliyetengwa hukaa benchi la mwisho, karibu na mlango, wala hagusi ushirika mpaka asimame mbele ya watu atubu. Demetria alimsihi atubu.

"Nisemeje?" Benedikto alimuuliza. "Niseme mkono wa Shomari ni najisi? Kesho nimwamkie kwa mdomo gani?"

Akakaa benchi lile hadi kifua kilipomzidi, kifua cha vumbi la mpingo. Alikufa hajarudishwa kundini.

Ansbert alisimama mlangoni pa kanisa, funguo mkononi. "Pole, Mama Jovina," alimwambia Demetria, akimwita kwa jina la bintiye. "Jeneza la aliyetengwa haliingii humu."

Kengele haikupigwa. Shomari na vijana wa msikitini ndio waliochimba kaburi. Demetria aliimba wimbo wa mazishi peke yake, ubeti baada ya ubeti, na wanaume wale wakainamisha vichwa, wasijue pa kuitikia.

Tangu siku hiyo alibeba chuki kama mimba, taratibu, kwa kujihadhari, akiilisha. Kanisani hakukosa. Alichagua kiti nyuma ya Ansbert, akamtazama kisogo toka sala ya kwanza hadi ya mwisho.

"Shoga, mwachie Mungu," Mwajabu alimwambia.

"Mungu ana kazi nyingi. Huyu niachie mie."

Mwaka wa foleni za unga, sikukuu ikiwa inabisha hodi, mama yake Ansbert, aliyekuja mjini kutibiwa, alifariki. Waumini wengi walikuwa wamesafiri kwenda makwao. Demetria alizunguka nyumba kwa nyumba, sauti chini: "Asivuke mtu pale." Hakuvuka mtu. Katika mji ule mwizi aliweza kusamehewa, lakini kususiwa msiba ni kuzikwa ukiwa hai.

Asubuhi ya Krismasi alichungulia kwenye ua wa makuti wa Ansbert. Maiti alikuwa ndani. Kokuberwa, mke wa Ansbert, alilia chumbani bila wa kumshika mkono. Ansbert alikaa barazani, mgongo umenyooka, uso umetulia. Utulivu ule ndio uliomchoma Demetria. Mtu yule aliamini kwamba anateswa kwa ajili ya imani yake, na mateso ya namna hiyo yalikuwa yakimnenepesha. Kumbe amemzawadia.

Akaenda kwa Shomari. "Shemeji, lete mbuzi. Tunachinjia kwa Ansbert."

Shomari, mjumbe wa nyumba kumi, ambaye kususa kule kulimkera tangu mwanzo, alishusha pumzi. "Umemsamehe?"

"Lete kisu."

Mtaa mzima ukavuka. Vijana wakachukua majembe, wanawake wakatandika mikeka. Shomari alichinja pale uani, na dua akaisoma kwa sauti. Ansbert aliisikia. Angekataaje? Mama yake alikuwa hajazikwa, na kaburi lilikuwa mikononi mwa watu hao hao.

Nyama ilipoiva Demetria alipakua sahani ya kwanza, akampelekea, akapiga magoti.

"Shikamoo, mzee. Kula. Watu hawali kabla ya mfiwa."

"Marahaba. Sina njaa, mama."

"Najua. Kula hivyo hivyo. Kachinja Shomari."

Ua wote uliungoja mkono wake. Ansbert alizitazama nyuso zile, akalitazama dirisha la chumba alimolala mama yake. Akachukua mnofu. Demetria hakuinuka mpaka alipoona koo limemeza.

Watu walisema mjane yule ana moyo wa mtakatifu, amemlisha adui yake kama mitume walivyoagiza. Kokuberwa alimbusu mikono. Demetria aliipokea sifa ile akiwa ameinamisha macho. Benedikto alikufa na dhamiri yake nzima. Huyu ya kwake imevunjika kwa mnofu mmoja, na aliyeivunja ni Demetria mwenyewe.

Jumapili iliyofuata Ansbert alisimama mbele ya kanisa bila kuitwa.

"Nimekula ninachoamini ni dhambi," alisema. "Sikula kwa kuwa nimeona nilikosea. Nilikula kwa kuwaogopa watu. Marehemu Benedikto alikula kwa moyo mweupe, nasi tukamtenga. Mimi nastahili zaidi."

Akaweka funguo mezani, akaenda benchi la mwisho, akakaa palepale alipokuwa akikaa Benedikto.

"Haya, roho imetulia?" Mwajabu alimuuliza jioni.

"Imetulia," Demetria alijibu, na ilikuwa kweli.

Ila hakuwa amepanga Ansbert aangukie benchi lile la mumewe. Kila Jumapili ilimbidi apite mbele ya magoti yake. Mchungaji alitaka kumrudisha kundini, Ansbert akakataa, na watu wakaanza kumwita mtu wa kweli. Siku moja Demetria alishindwa kupita.

"Toka hapo," alimwambia. "Hapo pana mwenyewe."

"Nitakaa wapi, Mama Jovina?" Ansbert aliuliza, bila kejeli.

Demetria akageuka, akatoka nje. Jumapili ya pili yake hakwenda kanisani, wala ya baadaye. Krismasi ilipokaribia na majirani wakaja kumuuliza habari za mbuzi, walimkuta anafunga vyombo.

Siku hizi Demetria yuko Madale, kwenye shamba la mihogo la Jovina. Kanisa liko ng'ambo ya kilima, hajaingia.