Mdomo wa Handaki la Upepo

Mwalimu wetu wa fizikia alisema shule ina nafasi moja tu kwenye mashindano ya sayansi ya kaunti. Ni handaki letu la upepo, linaloonyesha kwa moshi jinsi hewa inavyopita, au pampu ya Kidato cha Nne.

"Moshi ukinyooka mbele yangu Ijumaa, mnaenda. Ukipinda, inaenda pampu."

Mimi, ambaye nikiulizwa swali darasani huangalia meza, niliitaka sana ile nafasi.

Handaki lenyewe ni katoni ndefu yenye dirisha la plastiki, na feni ya kuvuta hewa kwa nyuma. Shida ilikuwa mdomoni, hewa inapoingia. Mwanzo tuliuacha mraba, na moshi ukifika kwenye zile kingo kali unajizungusha tu. Nikaupinda uwe kama tarumbeta, mpana nje, unabana polepole ukienda ndani. Deskmate wangu, tunayekaa naye dawati moja, akaujaza mirija ya soda, imebanana kama sega la nyuki, ili hewa iingie imetulia.

Moshi tuliutoa kwa uunsi, ule wa kufukizia nguo, kwa sababu kwetu haukosekani. Hooyo, mama yangu, alinikuta na chetezo chake mbele ya katoni.

"Kwani hiyo feni inaenda harusi ya nani?"

Moshi ulinyooka vizuri, lakini Alhamisi ukaanza kupinda, upande wa chini. Deskmate akasema ni ule mkunjo wangu, turudishe mraba. Karibu nikubali, maana kubishana na mtu kunanichosha. Lakini mkunjo ulikuwa uleule wa juzi. Nikachomoa mrija mmoja wa chini, ukaning'ang'ania kidoleni. Uunsi hupikwa na sukari, wallahi sikuwahi kufikiria. Masizi yake yalikuwa yameganda ndani, mirija mingine imeziba kabisa.

"Hatubadilishi mdomo," nikamwambia. Hata yeye alishangaa.

Tulitia mirija mipya, na badala ya uunsi tukawasha dawa ya mbu.

Ijumaa moshi ulipita dirishani umenyooka kama uzi. Mwalimu akauliza kwa nini mdomo umepindwa. Deskmate akaniangalia mimi.

"Hewa ikikutana na kona inazunguka, mwalimu. Hapa hakuna kona, inafuata ukuta."

Mwalimu akaniambia sauti yangu haijafika, na majaji wa kaunti watakaa mbali kuliko yeye. Akarudi nyuma mpaka mlangoni.

Nikasema tena.