Kihindi cha Getruda

Getruda wa Endasak alijifunza Kihindi kwa kutazama tamthilia kwenye simu, na ole wako ukimletea zilizotafsiriwa. Humo aliona kwamba mtu akiambiwa jambo zito hajibu hapo hapo: kwanza hutoa macho, hugeuza uso huku na huku, ndipo chozi humdondoka. Akaamua hiyo ndiyo adabu ya Kihindi, kama shikamoo kwetu, na akaifanyia mazoezi mbele ya mbuzi wake.

Basi siku mnunuzi wa mbaazi alipofika kutoka India, wakulima walimwita Getruda awe mkalimani. Mgeni akataja bei kwa Kihindi. Getruda akatoa macho. Akageuka kushoto, kulia, kushoto tena, chozi likamdondoka. Wakulima walipoona hivyo wakaanza kubeba magunia yao warudi nyumbani. Mgeni akashtuka, akapandisha bei kabla mkalimani hajafungua kinywa.

Msimu huu wakulima wote walimpokea mgeni yule kwa kugeuza shingo. Getruda akafoka: "Tulieni! Mnageuka kama kuku waliomwona mwewe. Nani atawaelewa kwa lafudhi hiyo?"