Bi Somoe alitangaza kumtafuta kaka yake, wajanja wa mtandao wakamfunga "Jela ya Washamba"

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, na wengine habari za saa hizi.

Juzi nimepita humu nikakuta uzi mrefu wa kuwacheka watu wasiojua kutumia mtandao. Nimecheka mambo mawili matatu, sikatai. Halafu nikafika mahali wanamcheka mama mmoja aliyeposti tangazo la msiba kwenye uzi wa mpira, na hapo chai yangu ikapoa.

Ninayoyasimulia ni ya kweli tupu. Majina nimebadilisha au nimeyaficha, isipokuwa ya familia moja tu. Kwa nini nimeyaacha, mtaona mkifika chini.

Mimi ni Mngoni wa Songea. Serikali ilinipeleka Mtwara mwishoni mwa miaka ya tisini, nikapanga nyumba Magomeni. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Somoe, Myao wa Masasi, mjane, fundi cherehani, na mama wa binti mmoja, Zuhura.

Myao na Mngoni ni watani, hilo wengi mnalijua. Siku ya kwanza tu nashusha godoro alisimama mlangoni kwake akasema, "Haya, wamerudi wezi wa kuku. Babu zako walitukimbiza Masasi, wewe umetufuata mpaka baharini?"

Tukaishi hivyo. Akiona nimenunua samaki mzuri anachukua, ananiachia kichwa.

Mama yangu alipofariki nikiwa naye pale Mtwara, Bi Somoe alivaa kanga ya marehemu, akatembea kama marehemu alivyokuwa anatembea na goti lake bovu, akatugombeza kwa sauti ya marehemu. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Lakini huyohuyo ndiye aliyekesha na maiti, akapika siku zote za matanga, na akawa wa mwisho kuondoka, masufuria yote yameshaoshwa.

Shikeni hapo kwenye masufuria, nitaparudia.

Sasa tuje kwenye mtandao.

Miaka ya 2000 katikati, Mtwara mjini tulikuwa na intaneti kafe za kuhesabu. Mashine zile nzito za mgongo, unafungua ukurasa mmoja, unatoka kununua karanga, unarudi bado picha haijamaliza kushuka. Umeme ukikatika, kila ulichoandika kimekwenda na maji.

Kulikuwa na jukwaa moja la watu wa kusini, wa nyumbani na wa nje. Silitaji jina, lilishakufa. Lilikuwa na siasa, mpira, mapenzi, na chumba kimoja kilichopendwa kuliko vyote: Jela ya Washamba.

Kazi ya Jela ilikuwa kuwafunga watu wenye tabia mbaya mtandaoni. Yule anayesambaza "tuma ujumbe huu kwa watu kumi, usipotuma utapata ajali." Yule anayejidai yuko London kumbe yuko Chuno, hapahapa Mtwara, tunamwona kafe ileile tunayokaa. Wanapelekwa Jela, wanasomewa mashtaka, watu wanamwaga vichekesho, na msimamizi wa chumba aliyejiita Nyapara anatoa hukumu. ID yako inafungiwa kwa muda, na aliye bora wa wiki anapewa taji la Mshamba wa Wiki.

Nilikuwa shabiki. Waongo na matapeli walistahili, na mpaka leo nasema walistahili.

Sasa Bi Somoe alikuwa na kaka yake mmoja tu, Rajabu. Katikati ya miaka ya tisini Rajabu alivuka Ruvuma kwenda Msumbiji kuuza nguo. Mara mbili za kwanza alirudi. Ya tatu hakurudi. Baadaye watu wakaleta habari kwamba ameonekana Sauzi, yuko Durban, mzima. Ikaishia hapo.

Zuhura akapata mchumba. Kijana mzuri, wa bandarini, kwao wameshaleta posa.

Kidini hakukuwa na tatizo, walii wa kumwozesha Zuhura alikuwepo, baba yake mdogo. Lakini kwa Wayao, mtoto wa dada ana mwenyewe, na mwenyewe ni mjomba. Wanamwita mwenye mbumba, yaani kaka anayesimamia dada zake na watoto wao. Binti akiolewa bila neno la mjomba, siku ndoa ikiyumba hana pa kurudi, kwa sababu hakuna aliyemtoa.

"Mngoni huwezi kuelewa," Bi Somoe aliniambia. "Nyie mnaposwa kwa ng'ombe. Sisi tunaposwa kwa neno. Nikimtoa mwanangu bila Rajabu nimemtupa."

Alikuwa ameshalipia matangazo ya redio. Hakuna jibu. Nikamwambia watu wa kusini walioko Sauzi wanashinda kwenye lile jukwaa, nikitoka safari tutaandika. Nikaenda Songea likizo.

Bi Somoe hakunisubiri. Alikwenda kafe, dada wa pale akamfungulia ID, akamwonyesha pa kuandika. Akaandika mwenyewe kwa kidole kimoja, kama tangazo la redio linavyoandikwa:

"TANGAZO TANGAZO. MIMI SOMOE WA MASASI NIKO MTWARA MAGOMENI. NAMTAFUTA KAKA YANGU RAJABU ALIYEVUKA RUVUMA. ZUHURA ANAPOSWA. NENO LAKO LINASUBIRIWA. NYUMBANI WOTE WAZIMA ISIPOKUWA MAMA ALITANGULIA. UKISIKIA TANGAZO HILI JIBU."

Herufi kubwa zote. Na kwa kuwa redio husoma tangazo asubuhi, mchana na jioni, naye akaliweka asubuhi, mchana na jioni. Kwenye siasa. Kwenye mpira. Kwenye uzi wa kijana anayelia kaachwa na mpenzi wake.

Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alinishangaa. "Tangazo likisomwa mara moja nani atasikia? Mwingine yuko chooni."

Sasa niambieni, wakuu, kosa liko wapi hapo? Mtu katumia adabu ya chombo anachokijua kwenye chombo asichokijua. Alihitaji mtu mmoja wa kumwambia, mama, liweke hapa mara moja, sisi tutalisogeza.

Hawakumwambia. Walimfunga.

Nilirudi likizo nikafungua Jela nikakuta jina la jirani yangu juu kabisa. Wamembatiza Bi Tangazo. Mashtaka: kupiga kelele kwa herufi kubwa, kuchafua nyuzi, kuvuka Ruvuma bila caps lock kuzimwa. Chini yake wajomba wamejaa. Mmoja anasema, "MIMI NDIYE MJOMBA, NIMERIDHIA, NILETEWE KOROSHO GUNIA." Mwingine, "MJOMBA NIPO CHINI YA KITANDA CHAKO." Kurasa na kurasa.

Hayo bado ningeyameza. Lakini mmoja aliandika kwa upole, herufi za kawaida, kwamba yeye ni Rajabu, anakuja Ijumaa na basi la kutoka Dar, wamwandalie.

Bi Somoe, mimi nikiwa bado likizo, aliikuta kafe akaamini. Mtu aandike uongo kuhusu mjomba wa binti anayeposwa, apate nini? Akawaita wakwe. Akapika pilau. Akafagia njia mpaka barabarani. Akavaa vitenge vipya, yeye na Zuhura, akaenda stendi.

Basi likaja, watu wakashuka wote, mpaka utingo akafunga buti.

Wakwe walikula pilau wakaondoka. Mkubwa wao akasema taratibu tu, "Mkiwa tayari mtatuambia." Heshima ya mama ilianguka pale, kwenye jamvi lake mwenyewe, na kuna mtu mahali fulani alikuwa anacheka kwenye kiti cha kuzunguka.

Mimi niliposimuliwa hayo hasira zilinipanda. Nikaenda kafe kuandika matusi, nakiri ilikuwa ni matusi, lakini nikaanza kwa kusoma uzi wote ili nimjue mwandishi wa ule uongo.

Ndipo nikaikuta.

Ilikuwa posti ya siku nyingi nyuma, kabla hata ya ile ya basi, imezama kwenye kurasa za vicheko ambazo Bi Somoe hakuzifungua. Imewekewa taji. Mshamba wa Wiki, kipengele cha mwigizaji bora. ID yake rajabumasasi. Herufi kubwa zote:

"DADA SOMOE SALAMU. NASALIMIA ZUHURA. NASALIMIA KABURI LA MAMA. NASALIMIA NA CHEREHANI YA MAMA KAMA BADO INAKATAA KUSHONA SIKU YA MVUA. MIMI RAJABU NIPO DURBAN MZIMA. KUJA SIWEZI KARATASI SINA. ZUHURA AOLEWE, MIMI MJOMBA WAKE NIMEMTOA. PIGA NAMBA HII TUSEME."

Na baada ya hapo, kwa wino mwekundu: "Namba imefutwa na Nyapara. Sheria ya jukwaa, namba za simu haziruhusiwi."

Chini wanamwaga vicheko. "Huyu kaua." "Eti anasalimia cherehani." "Mpeni taji huyu, kamwigiza Bi Tangazo mpaka basi." Na hukumu: kifungo cha maisha. ID imefungwa.

Nilikwenda kumwita Bi Somoe. Hakutaka kuja. "Wajomba wamenitosha, mtani wangu." Nikamwambia huyu anasalimia cherehani.

Akasimama hapohapo, uzi bado uko mdomoni.

Cherehani ile aliirithi kwa mama yao. Siku za mvua mkanda wake ulikuwa unalegea, na Rajabu akiwa mtoto ndiye aliyekuwa anatumwa kuupaka nta. Nani mwingine duniani angelijua hilo? Kafe nzima ilimwona analia mbele ya mashine, anashika kioo kwa kiganja kama anashika shavu la mtu.

Nikamwandikia Nyapara. Kwa adabu, wakuu, mnijue nilijizuia. Nikamweleza kwamba yule ni kaka wa kweli, naomba namba aliyoifuta, mimi ni jirani.

Akajibu siku ya pili: "Hahaha, na wewe mjomba?"

Nikaandika tena. Nikamweleza habari ya cherehani, ya wakwe, ya pilau. Akajibu kwamba kikifutwa kimefutwa, hakuna pa kukipata, na tusikasirike kwani ni utani tu.

Utani tu.

Nilitaka kuvunja ile keyboard. Utani una wenyewe. Mtani anakucheka kwa sababu siku ya jeneza bega lake lipo. Amekunyang'anya samaki, lakini ukilala njaa anajua. Ndiyo maana mtani humkasirikii, si kwa sababu anachekesha. Wewe uliyejificha nyuma ya jina la Nyapara, siku ya matanga utaosha sufuria gani?

Nilimwandikia na Rajabu ndani ya jukwaa. Ujumbe haukusomwa. Usomwe vipi, mtu kafungiwa maisha?

Na hili ndilo linalonichoma kuliko yote. Yule mtu alikaa mbele ya mashine huko ugenini, akatafuta herufi moja moja, akawasalimia wote kwa zamu. Akarudi kuangalia jibu la dada yake, akakuta watu wa kwao wanamcheka na mlango umefungwa. Sijui kama alitofautisha wao na sisi.

Bi Somoe aliomba ule ukurasa uchapwe kwenye karatasi. Juu umeandikwa Mshamba wa Wiki, chini vicheko. Akachukua mkasi wake wa kazi, akakata juu, akakata chini, taratibu kama anakata hariri ya mtu. Kikabaki kipande cha ukubwa wa kiganja, maneno ya Rajabu peke yake.

Wakwe wakaitwa tena. Akawasomea kile kipande. Alipofika kwenye cherehani, yule mkwe mkubwa, naye Myao, akainua mkono akasema, "Inatosha. Huyo ni mjomba. Mtu wa nje hasalimii cherehani."

Zuhura akaolewa. Neno la mjomba lilikuwepo. Kiti chake kiliwekwa pembeni ya walii, kikakaa kitupu, na hakuna aliyekigusa mpaka shughuli ilipokwisha.

Jukwaa likafa miaka michache baadaye, na kila kitu kilichokuwa ndani kikafa nalo. Nyapara sikumjua mpaka leo. Huenda yumo humu ananisoma, ana wajukuu, anaheshimika.

Somo nililopata si gumu. Chekeni matapeli, chekeni waongo, mimi nitakuwa wa kwanza. Lakini mtu akiingia kwa fujo, herufi kubwa, anarudia rudia, msome kwanza anasema nini. Huenda anapiga kelele kwa sababu ana jambo. Na kama huwezi kumbeba, usimtanie.

Bi Somoe yupo, macho hayaoni tena tundu la sindano. Kile kipande amekihifadhi kwenye mfuko wa nailoni ndani ya droo ya cherehani. Kila nikimpigia simu swali ni moja, "Mtani, wale watu wako wamemwona?"

Kwa hiyo karibuni kwenye comments, hata wa kutukana aje. Ila nawaomba kitu kimoja, mods. Namba ikiandikwa humu chini, msiifute.

TANGAZO TANGAZO. ANATAFUTWA RAJABU WA MASASI ALIYEVUKA RUVUMA, MARA YA MWISHO YUPO DURBAN. DADA YAKO SOMOE ANAKUSALIMU. ZUHURA ANAKUSALIMU NA WATOTO WAKE WATATU, WA KWANZA ANAITWA RAJABU. WALIOCHEKA SIO SISI. CHEREHANI YA MAMA IPO, SIKU YA MVUA BADO INAKATAA. UKISIKIA TANGAZO HILI JIBU.

Nitalirudia mchana na jioni.